Neno moja kuhusu Mathu

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku tu wazima, na mama anakusalimu sana.

Tangu siku ile ulipomwita Eliud Mathu kibaraka, neno hilo limenikaa rohoni. Siku ile tulipigiana kelele tu. Leo nisikilize hadi mwisho.

Kabla ya Oktoba 1944, Mwafrika wa Kenya alisemewa na Mzungu katika Baraza la Kutunga Sheria, mara nyingi mmisionari. Mathu, mwalimu wa Riruta, karibu na Nairobi, aliyesoma shule ya Alliance na vyuo vikuu vya Fort Hare (Afrika Kusini) na Oxford (Uingereza), ndiye Mwafrika wa kwanza kuketi humo. Gavana ndiye aliyemteua, sikatai. Lakini KASU (Kenya African Study Union), chama cha siasa cha Waafrika kilichokuja kuitwa KAU (Kenya African Union), kiliundwa mwezi huohuo ili kumpa nguvu. Kibaraka huundiwa chama na watu wake?

Halafu kipande, ile hati ya kazi ambayo wanaume Waafrika walilazimishwa na serikali ya kikoloni kuibeba. Unakumbuka kile kikebe cha bati cha babu tulichokuwa tukikigongagonga utotoni? Babu alikivaa shingoni kwa kamba. Karatasi iliyokaa ndani ilikuwa na alama za vidole vyake na majina ya waajiri wake, na mwajiri asipotia sahihi kuwa amemwachilia, babu hakupata kazi kwingine. Mathu aliupinga utaratibu huo humo Barazani, mbele ya walowezi walioutaka uendelee.

Kuhusu Mombasa 1947 una haki ya kulalamika. Wafanyakazi waligoma, naye akaenda kuwasihi warudi kazini. Mishahara iliongezwa baadaye, ila wapo ambao hawakumsamehe, na hao nawaelewa.

Ila usiniambie tena kwamba watu wake walimkataa kwenye uchaguzi wa 1957. Watu wake gani, ndugu yangu? Ilikuwa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau. Mkikuyu hakupiga kura bila cheti cha kuthibitisha uaminifu wake kwa serikali, wengi walikuwa kizuizini, na mpiga kura mwenye elimu au mali aliweza kuwa na hadi kura tatu. Katika eneo lake la uchaguzi, Mkoa wa Kati, kura za Meru zikazidi, na mpinzani wake Bernard Mate, mtu wa Meru, akashinda. Baada ya miaka zaidi ya 12 ya kusema kwa niaba yetu, Mathu aliangushwa wakati wengi wa waliomjua hawana kura. Hilo huniuma kila nikilikumbuka.

Kikebe cha babu kiko kwangu, kabatini. Ukija Desemba nitakitoa ukishike mkononi, kisha tuendelee na ubishi wetu.

Wako daima.