Mvua za Septemba hapa Bangkok
Ndugu zangu, Septemba kwa kawaida ndiyo kilele cha mvua. Jiji liko takribani mita 1.5 tu juu ya usawa wa bahari, hivyo maji hayaondoki yenyewe. Husukumwa kwa pampu hadi mto Chao Phraya. Mvua nzito ya saa moja huzidi uwezo wa mifereji, na taka zikiziba ndiyo kabisa.

Vichochoro hujaa kwanza. Jioni achaneni na teksi, pandeni BTS, treni ya mjini inayopita juu ya barabara. Mkilazimika kukanyaga maji, epukeni nguzo za umeme na mabango ya taa. Mwenye kidonda mguuni asiingie: mkojo wa panya ulio majini huleta homa mbaya.

Mnaokaa nyumba za ghorofa ya chini, zimeni swichi kuu mapema, maji yakiwa bado nje. Namba za simu: Utabiri wa hewa: 1182. Maafa: 1784.