Kima punju akigongwa, asifukiwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji niseme kidogo juu ya mizoga. Barabara ya kwendea Paje na Makunduchi, hapa Unguja, inapita ndani ya msitu wa Jozani, na pamoja na matuta yaliyowekwa pale, kima punju, yaani kima wekundu wa Unguja, bado wanagongwa na magari. Akishakufa huburutwa pembeni akafukiwa, au huachiwa kunguru. Simlaumu anayefanya hivyo, kwani mzoga unanuka na wageni wanapita. Ila kinachofukiwa pale ni mali ya makumbusho.

Mfano uko karibu. Chui wa Unguja alipewa jina la kisayansi na mtaalamu wa wanyama, Pocock, kule London, mwaka 1932: Panthera pardus adersi, kwa heshima ya Dk. Aders aliyekuwa mtaalamu wa biolojia wa serikali hapa Zanzibar. Chui waliuawa kwa mitego, kwa bunduki, na baada ya hapo kwa kampeni nzima. Pamoja na mauaji yote hayo, ngozi zilizomo katika makumbusho ya dunia ni za kuhesabu, na mmoja aliyejazwa ndiye tuliyezoea kumtazama katika makumbusho ya Mnazi Mmoja, mjini Zanzibar. Leo tukiuliza chui wetu alikula nini, aliishi miaka mingapi, alitofautianaje na wa Bara, ngozi tupu haitoi jibu kamili. Majibu yalikuwa katika matumbo, meno na mafuvu, navyo vingi vilitupwa.

Kanu wa Unguja, mnyama mdogo wa jamii ya fungo, ni kinyume chake. Ngozi iliyopatikana katikati ya miaka ya 1990 iliwasaidia wataalamu kuona kwamba huyu si kanu waliyemzoea, na mwaka 1998 akaandikwa rasmi kwa jina la Genetta servalina archeri. Ngozi hiyo ingetupwa jaani, tusingekuwa na la kusema.

Basi mzoga ukipatikana, afanyweje? Kwanza ruhusa. Wanyama hawa wanalindwa na Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996, kwa hiyo mtu binafsi asijichukulie hata mkia; aite watu wa msitu. Wao wavae glavu na barakoa, hasa kwa popo, kisha wamtie mnyama ndani ya mfuko wa plastiki angali mbichi na waufunge palepale. Kupe na viroboto huanza kuhama mwili ukipoa, nao ni vielelezo kama alivyo kima mwenyewe.

Kwa joto letu, nusu siku juani inatosha kuharibu kazi. Tumbo likishageuka kijani, manyoya yanang'oka kwa kidole na ngozi hiyo haifai tena. Hata hivyo mifupa bado inafaa, kwa hiyo mnyama asitupwe kwa sababu amechelewa kuokotwa.

Kabla ya jambo jingine, ikatwe nyama ya paja au ini, ukubwa wa punje ya mahindi, iwekwe katika kichupa cha spiriti (ethanoli) ya asilimia 95. Spiriti iwe mara kumi ya nyama, na ibadilishwe kesho yake, kwani maji ya nyama yanaizimua. Hii ndiyo sehemu itakayosomwa vinasaba. Isiguswe na fomalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, hata kidogo, maana fomalini huvifungafunga vinasaba hivyo visisomeke vizuri. Halafu vipimo: urefu wote toka pua hadi ncha ya mkia, mkia peke yake, wayo wa nyuma, sikio, na uzito. Vichukuliwe kabla ya kuchuna, kwa sababu ngozi huvutika na vipimo vyake havilingani tena na vya mnyama.

Wengi watasema mnyama atiwe friza, yamekwisha. Friza ni nzuri kwa siku chache. Lakini Unguja inakumbuka kukaa gizani toka Desemba 2009 hadi Machi 2010, na kabla ya hapo mwezi mmoja mwaka 2008. Mzoga ulioyeyuka ukagandishwa tena, manyoya yake hayashiki. Makusanyo ya kisiwa yanayotegemea umeme unaopita chini ya bahari yako mashakani. Ngozi kavu, fuvu na lebo havihitaji umeme.

Ngozi ichunwe, mafuta na nyama zikwanguliwe, ndipo ipakwe chumvi upande wa ndani, uzito wa chumvi sawasawa na uzito wa ngozi mbichi. Chumvi inayovunwa hapa kwetu ni ya chembe kubwa. Itwangwe kwanza, la sivyo inaacha madoa yasiyopata chumvi, na hapo ndipo uozo unapoanzia. Masikio, midomo na vidole visisahauliwe. Baada ya siku moja ikung'utwe, ipakwe chumvi mpya, kisha ianikwe kivulini penye upepo. Jua huyeyusha mafuta yakaichoma ngozi. Tena chumvi hii haitakiwi kubaki milele: ikifika masika inavuta unyevu hadi ngozi inatoka jasho, kwa hiyo makumbusho yaioshe na kuitengeneza mapema.

Fuvu lisichemshwe wala lisitiwe dawa ya kung'arishia nguo, inayokula mfupa polepole. Lilowekwe katika ndoo ya maji, mbali na nyumba za watu, wiki mbili au tatu, na maji yanapomwagwa yapitishwe kwenye chujio la chai. Meno ya mbele hudondoka, na ni madogo kuliko mtu anavyofikiri.

Sasa lebo. Hapa ndipo ningependa wahusika wakae hasa. Mnyama asiye na lebo ni pambo. Iandikwe kwa penseli, au wino mweusi usioyeyuka, kwenye karatasi ya pamba, ifungwe mguuni. Kwa mnyama wa chupani iwe ndani ya chupa, si nje. Wino wa kalamu ya kawaida unayeyuka ndani ya spiriti ukaacha karatasi nyeupe. Mfano wa lebo iliyo sawa: "Unguja, Mkoa wa Kusini, barabara ya Pete–Jozani, mita 300 kusini ya tuta la kwanza. 5 IV. Jike. Amegongwa na gari. Ameokotwa 07:00." Na mwaka wote, tarakimu nne, na jina la aliyeokota.

Mwezi umeandikwa kwa tarakimu za Kirumi kwa sababu 5/4 mmoja ataisoma Aprili na mwingine Mei. Saa nayo ina mtego wetu wenyewe: "saa 1 asubuhi" ikisomwa na mgeni miaka hamsini ijayo inakuwa usiku wa manane umepita kidogo. Jina la mahali lisiwe pungufu. Chwaka iko Unguja na iko Pemba. Neno "Zanzibar" peke yake ndilo baya kuliko yote: katika lebo za karne ya 19 linaweza kuwa Unguja, visiwa vyote, au bandari tu iliyosafirisha ngozi iliyotoka Bara. Watafiti mpaka leo wanahangaika na lebo hizo.

Kwa mijusi na vyura, spiriti ya asilimia 70: mililita 740 za ile ya 95, jaza maji yaliyokenekwa hadi lita moja. Ile ya rangi inayouzwa madukani inatia doa. Na chupa ikipungua, isijazwe kwa kukisia. Spiriti huruka kabla ya maji, hivyo kilichobaki ni dhaifu kuliko kilivyokuwa, kipimwe kwanza.

Ghalani, adui ni wawili. Ukungu huanza unyevunyevu wa hewa ukipita asilimia 65, na masika yetu yanapita 80. Mkulima wa Pemba anajua karafuu iliyotiwa guniani kabla haijakauka inavyochacha. Ngozi nayo ni hivyohivyo. Makabati yasigusane na ukuta, yazibwe vizuri, yatiwe silika jeli, ile ya vipakiti vya viatu vipya lakini kwa kilo, na ikaushwe kwenye oveni kila inaposhiba. Adui wa pili ni dudu wa ngozi: dalili yake ni unga na magamba ya mabuu yake chini ya mnyama. Dawa yake ni kumfunga mnyama ndani ya plastiki na kumgandisha nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Akitolewa, mfuko usifunguliwe hadi kesho yake, asije akalowa jasho.

Neno kwa walimu wanaopeleka watoto makumbusho: wanyama wa zamani waliojazwa, popote duniani, wengi walipakwa sabuni yenye aseniki. Ni sumu, na haiishi nguvu. Watoto wasiwapapase, na wafagiaji wasiwapige vumbi kwa kitambaa kikavu.

Ninachopendekeza hakina gharama kubwa. Liwekwe sanduku moja Jozani na jingine katika msitu wa Ngezi, Pemba, lenye glavu, mifuko, futi ya kupimia, mizani, kilo tano za chumvi iliyotwangwa, vichupa vya spiriti, penseli na lebo zilizokwisha kutobolewa na kutiwa uzi. Namba ya simu ya anayepokea mizoga makumbusho iandikwe juu ya kifuniko kwa rangi ya mafuta, na akihamishwa kazi, ifutwe siku hiyohiyo iandikwe ya mwenziwe.

Msomaji wako,
Mwanakwerekwe, Unguja