Gari limetangazwa farasi 460, daino imesoma 395: nguvu imekwenda wapi?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi hapa gereji. Mtu amenunua Ford Mustang GT ya 2018 iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 460. Anaipandisha kwenye daino, yaani mashine ya kupimia nguvu ya gari, mashine inasoma 395, na papo hapo anaamini ameuziwa gari bovu. Tunajua wateja ambao baada ya hapo waliuziwa plagi, koili na filta ambazo gari halikuzihitaji kabisa. Jambo hilo linatuuma, na ndiyo maana tunaandika haya kabla hujatoa hela yako.

Namba ya kiwanda hupimwa kwenye krenki, pale nguvu inapotoka kwenye injini, injini ikiwa imefungwa peke yake kwenye stendi ya maabara. Daino yetu inapima kwenye magurudumu. Katikati kuna giaboksi, propela shafti, difu, eksili na tairi zenyewe, na kila kimoja kinakula sehemu yake. Kwa gari la Kimarekani linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, upungufu wa asilimia 12 hadi 15 ni wa kawaida kabisa. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, au lenye giaboksi ya otomatiki ya zamani, hupoteza zaidi. Kwa hiyo 395 kwa injini ya 460 ni gari zima.

Wenye magari ya zamani wana tatizo jingine. Hadi 1971 viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu ghafi: injini inapimwa bila filta ya hewa, bila mzigo wa alteneta, bila sailensa, na taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) imewekwa pale inapotoa nguvu zaidi. Kuanzia magari ya mwaka 1972 wakatangaza nguvu halisi, injini ikiwa imevaa kila kitu inachovaa barabarani. Mfano mzuri ni Chevrolet Corvette yenye injini ya LT-1. Mwaka 1970 ilitangazwa farasi 370. Mwaka 1971 kiwanda kilishusha mgandamizo wa injini ili itumie petroli yenye risasi kidogo, ikawa 330. Injini hiyohiyo ya 1971 kwa kipimo kipya ilikuwa 275, na ya 1972 ikaandikwa 255. Anayesema magari yalinyongwa ghafla mwaka 1972 amechanganya mambo mawili. Mgandamizo ulipunguza nguvu kweli, lakini sehemu kubwa ya namba iliyopotea kati ya 1971 na 1972 ilipotea kwenye karatasi tu.

Na si kila mara kiwanda hutia chumvi. Wakati mwingine huficha. Corvette yenye injini ya L88 ya 1967 iliandikwa farasi 430, tano pungufu ya injini ya L71 ya mwaka huohuo, ilhali L88 ilikuwa injini ya mashindano inayovuka 500. Walichofanya Chevrolet ni kutangaza nguvu ya mizunguko 5,200 kwa dakika, wakati injini ilikuwa bado inapanda. Hawakutaka mtu wa kawaida avutwe na namba, anunue gari lisilofaa kwenda nalo sokoni. Zaidi ya hapo, kampuni za bima miaka ile zilikuwa zimeanza kuyakodolea macho magari yenye namba kubwa.

Kesi ambayo sisi tunaiheshimu zaidi ni ya Mustang SVT Cobra ya 1999. Ilitangazwa farasi 320. Wenye magari wakayapeleka kwenye daino, wakaona hayafiki hata yalipopaswa kufika baada ya kutoa hasara ya giaboksi na difu. Walikuwa na haki. Ford ilisimamisha mauzo, ikayaita magari yarudi, ikabadilisha manifoldi ya hewa na mabomba ya ekzosi, na kupanga upya kompyuta ya injini. Cobra ya kawaida haikutoka kabisa mwaka 2000. Kwa hiyo hatutamwambia mteja kwamba kiwanda hakikosei. Tunamwambia alete ushahidi uliopimwa vizuri.

Tangu 2005 kuna utaratibu wa SAE, chama cha wahandisi wa magari, ambapo shahidi aliyeidhinishwa anasimamia kipimo. Injini ya kwanza kupita hapo ilikuwa LS7 ya Corvette Z06, farasi 505. Utaratibu huo ni wa hiari, lakini ukiona namba imethibitishwa na SAE unaweza kuiamini.

Yanayobaki ni hewa, joto na mafuta. Ile 460 ya Ford ilipatikana kwa petroli ya oktani 93 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili injini kugonga). California pampu nyingi huishia 91, na kompyuta ya gari ikisikia injini inataka kugonga huvuta taimingi nyuma, nguvu inashuka. Mwinuko nao: injini isiyo na turbo wala supachaja, vifaa vya kusukuma hewa ndani ya injini, hupoteza karibu asilimia 3 kwa kila mita 300. Denver, kwenye mita 1,600, hiyo ni karibu sehemu ya sita ya nguvu yote. Ukisafirisha V8 ya aina hiyo kwenda Nairobi, ambako ni juu kidogo zaidi ya hapo, itakuwa hivyohivyo, na hakuna fundi wa kulaumiwa.

Programu ya daino husahihisha hali ya hewa, na hapa ndipo udanganyifu mwingi unapopita. Kuna sahihisho la SAE na kuna lile la zamani linaloandikwa STD, ambalo huongeza karibu asilimia 4. Gereji inaweza kukupima asubuhi kwa SAE, ikakufungia mabomba mapya, ikakupima jioni kwa STD, ukaondoka na farasi 15 ambao hawapo. Soma pembeni ya grafu kabla ya kulipa. Angalia pia kama mistari ya nguvu na toki (nguvu ya kuzungusha) inakatana kwenye mizunguko 5,252, iwapo toki iko kwa futi-pauni na skeli ni moja. Isipokatana hapo, karatasi hiyo ina kasoro.

Sisi tunapima mara tatu kwa gia ileile, kwa SAE, na tunakupa matokeo yote matatu, siyo lile kubwa tu. Gari lenye supachaja, kama Dodge Hellcat, tunalipumzisha kati ya kipimo na kipimo, maana hewa ikishapata moto nguvu hushuka. Hatuandiki makadirio ya krenki kwenye karatasi yetu hata ukiomba, kwa kuwa hatukuipima. Ukitaka kujua kama kifaa kipya kimeongeza kitu, kipimo cha kabla na cha baada kifanyike kwenye mashine hii hii, siku moja ikiwezekana, kwa sababu daino mbili tofauti hazikubaliani.

Unapokuja, usibadilishe petroli: njoo na ile unayotumia kila siku na utuambie oktani yake. Jaza tairi upepo unaotakiwa, hakikisha oili iko kwenye kipimo, na kama kuna karatasi ya daino ya zamani, njoo nayo tuisome pamoja kabla ya kuwasha injini.