Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa shughuli za kawaida sitawachosha. Mikutano minne, semina mbili, na safari ya Tanga kwenye mkonge, ambao nyuzi zake watafiti huzichambua hadi kupata selulosi ya nano (vijinyuzi vidogo mno vya mmea). Picha mnazo kwenye kundi la WhatsApp. Hesabu atazisoma mweka hazina.

Nije kwenye maonyesho ya Sabasaba, maana najua ndiyo yaliyowaleta wengine leo, mkisema niliondoa bidhaa ya mwenzetu kwa wivu.

Ni kweli, chupa 140 za "maji ya nano ya mwarobaini" niliziondoa mezani kwetu siku moja kabla ya maonyesho. Ni kweli pia sikuitisha kamati. Niliwapigia wajumbe saba, wakapokea wawili, mmoja yuko kwenye daladala hasikii kitu. Hilo nakiri. Lakini kwamba niliona wivu, sikubali. Neno nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita, wengi wenu mmelisikia kwangu.

Mwenzetu aliyetengeneza maji hayo alinionyesha kazi yake kwa nia njema. Alichemsha majani, akachuja kwa kitambaa, akachanganya na nitrati ya fedha (chumvi ya fedha madini, si ile ya ada). Taratibu maji yakaacha unjano, yakawa kahawia kama chai ya rangi iliyolala. Hata maabara kubwa huanza hivyohivyo: kemikali za jani hugeuza ioni za fedha (atomi zenye chaji ya umeme) kuwa chembechembe za fedha yenyewe. Ila rangi ile inakwambia chembe zimeumbika, basi. Haikwambii kama zote zimo kati ya nanomita 1 na 100, wala nitrati iliyobaki ni kiasi gani, wala kama zinanyweka. Fedha ikinywewa muda mrefu hujikusanya mwilini, ngozi ikageuka kijivu cha kibuluu, na hairudi. Lebo imeandikwa "kijiko kimoja kutwa mara tatu", chini yake nembo yetu. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wakija wanamuuliza nani kama si mimi?

"Mbona wengine wanauza?" Wauze kwa nembo zao.

Hata kwenye pakiti za unga wa manjano neno nano nililifuta mwenyewe kwa kalamu nzito. Mashine ya kusaga ya mtaani haijawahi kufika kwenye udogo huo.

Shilingi 1,350,000 tulizolipia meza ya maonyesho hazikurudi. Mlonge uliuzika kidogo.

Sasa mahudhurio. Tuko 64, mkutano wa kawaida huja watu 19, siku ya posho mlikuja 51. Ada ya shilingi 60,000 wamelipa 23, hivyo deni la mwaka huu pekee ni 2,460,000. Aliyenisema kwa sauti kuliko wote anadaiwa na ya mwaka jana. Simtaji.

Mwakani, Mungu akipenda na pesa zikipatikana, tutafute chuo kitupimie sampuli kwa hadubini ya elektroni, inayoona chembe ndogo namna hiyo, na ikiwezekana tujifunze vifungashio vya matunda vya selulosi. Nimeshaanza mazungumzo na watu fulani.

Chupa ziko stoo kwangu, nimezifunika turubai. Mwenyewe aje azichukue, na stakabadhi ya ada mkononi.

Mwenyekiti
Dar es Salaam