Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa: chumba cha udongo kifunguliwe

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Pokea salamu na heshima zangu. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu za kawaida zilipokelewa masjala, zikagongwa mhuri, na mpaka leo hakuna aliyenijibu.

Siku ya Udongo Duniani, tarehe 5 Desemba, ulikuja kukata utepe wa chumba cha maonyesho ya udongo katika makumbusho yetu. Ulisema mbele ya kamera kwamba chumba kile kitakuwa darasa la kila mkulima wa mkoa huu. Tulikushangilia kwa moyo wote. Wiki iliyopita nimewapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha pili, kwa nauli waliyochanga wazazi ambao fedha zao za pamba hazijatoka. Tumekuta chumba kimejaa viti vya plastiki na maturubai ya kukodisha kwa ajili ya harusi. Mlinzi anasema ufunguo anao mwenye viti. Basi watoto wakachungulia dirishani, kwa zamu. Ule mkato wa udongo wa mbuga, yaani kipande kirefu cha udongo mweusi wa bondeni kilichokatwa wima kutoka ardhini, umelazwa sakafuni, paa linavuja juu yake, na nusu imerudi kuwa tope.

Sijui, Mheshimiwa, kama ulielezwa mkato ule ulivyopatikana. Lilichimbwa shimo la kina cha mtu mzima, ukuta wake mmoja ukanyooshwa kwa kisu, likagandamizwa sanduku refu la mbao, kisha udongo ukakatwa kwa nyuma polepole usije ukameguka. Ukapakwa gundi ili ushikamane. Ukisimama mbele yake unaona nyufa za kiangazi zinavyoshuka, mizizi inavyozifuata, na chini kabisa vijiwe vyeupe vya chokaa. Mimi nafundisha Jiografia, na hayo yote huwa nayachora ubaoni kwa chaki nyeupe. Mtoto ananakili, anafaulu mtihani, anarudi shambani kwao bila kujua anakanyaga nini.

Mikato ilikuwa minne, imepangwa kama ardhi yetu inavyoteremka, kwa majina ya udongo tunayotumia kwetu: luseni ya kichanga karibu na mawe ya kilimani, halafu ibambasi yenye tabaka gumu, halafu itogolo tunakochimba majaruba ya mpunga, na mwisho mbuga nyeusi. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, alieleza jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyofuatana hivyo toka kilele hadi bondeni. Aliuita mfuatano huo katena, na wanasayansi wa udongo duniani wanausoma hadi leo. Uholanzi, mjini Wageningen, kuna makumbusho yenye mikato zaidi ya 1,000 kutoka nchi nyingi. Makumbusho ya Smithsonian ya Washington, Marekani, ilifungua maonyesho makubwa ya udongo mwaka 2008. Elimu iliyotoka kwenye ardhi yetu inaonyeshwa kwa watoto wa huko, wa kwetu wanafungiwa mlango.

Nasema kwa uchungu kwa sababu haya yamenifika nyumbani. Shamba la mama yangu ni ibambasi. Mvua ikinyesha maji yanasimama juu, jua likiwaka panakuwa kama saruji. Msimu baada ya msimu amenunua mbolea, mara nyingine kwa mkopo uliomlaza macho, na mahindi yakawa ya njano yakiwa bado magotini. Aliambiwa mbegu ni mbovu. Aliambiwa amerogwa. Siku ile ya utepe nilimshika mkono nikampeleka mbele ya mkato wa ibambasi, akaona mwenyewe tabaka gumu lilivyo na mizizi ilivyokunjwa hapo. Aliugusa kwa kidole, akauliza, "Kumbe hapa ndipo yanapokwama?" Hakuna bwana shamba aliyewahi kumwonyesha hivyo.

Wapo wanaosema makumbusho haina fedha ndiyo maana inakodisha chumba. Wengine wanasema mambo yaliharibika alipohamishwa mhifadhi aliyeijua ile mikato. Inawezekana. Mimi nadhani kuna kubwa zaidi: wakubwa wetu wanaamini ngoma na mikuki ndiyo urithi, udongo ni uchafu wa viatuni. Chumba cha ngoma hakina kiti hata kimoja cha harusi.

Mheshimiwa, siombi jengo jipya. Siombi semina, siombi kamati ya kuchunguza. Naomba viti vitolewe, paa lizibwe, na mikato mitatu iliyobaki isimamishwe ilipokuwa. Kama hata paa ni gharama, toeni viti tu, sisi walimu na wazazi tutapanda juu kuziba wenyewe. Ufunguo urudi kwa mhifadhi. Mvua zinakaribia, na ibambasi ile ya mama imewekwa hatua chache kutoka panapovuja. Ulituahidi darasa, tunaomba mlango wake ufunguliwe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Jiografia, mtoto wa mkulima