Ngoma ya Daku Imenyamaza: Salamu za Idi

Assalaam alaykum, ndugu, jamaa na majirani wa karibu na wa mbali. Idi Mubarak. Mola azitakabali funga zetu, na waliofiwa mwaka huu awatie subira.

Leo nimeamka saa tisa za usiku kwa mazoea, nikatega sikio. Kimya. Siku zote 29 saa hiyo ilikuwa na wenyewe: vijana watatu, ngoma moja na debe, wakipita vichochoroni, "Daku! Daku! Amkeni mle daku!" Jikoni mama ameshakaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Ngoma ikikaribia, mkono wake unaushika mdundo. Ikikata kona, mkono nao unapoa. Sidhani kama mwenyewe anajua, nami sijawahi kumwambia, nisije nikamharibia.

Ngoma hii si ya kwetu peke yetu. Kairo yuko masaharati, anapita na kijingoma chake akiwaita watu kwa majina: amka ewe uliyelala, mpwekeshe Mwenye kudumu. Istanbul wapigaji hubeba ngoma kubwa ya davul, upande mmoja kirungu kinene, upande wa pili kifimbo chembamba, na huimba beti za mistari 4, kisha wakapita nyumba kwa nyumba kuchukua bakshishi. Lugha mbalimbali, ujumbe mmoja: inuka ule kabla hakujapambazuka. Mimi hunigusa sana hilo, kwamba mtu akatishe usingizi wake mwezi mzima ili jirani asifunge na njaa.

Na leo harufu ya iliki, mdalasini na bizari nzima imetanda mtaa mzima, kinu kinatwanga thomu na tangawizi, na redio ya jirani inapiga taarabu. Zanzibar vitu hivi vimezoeana zamani. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliwaleta wanamuziki kutoka Misri, na kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905. Ala za kanuni na udi zimetoka ng'ambo, kama viungo vingi vya pilau. Mchele tukautia tui, taarabu tukaitia Kiswahili, na sasa nani atamwambia bibi yangu kwamba si vyake?

Wale mnaosherehekea ugenini, Muscat, London au Toronto, ambako hakuna ngoma iliyowaamsha ila kengele ya simu, nimewakumbuka kila usiku. Pigeni simu nyumbani mchana huu, mwambieni aliyepokea aiweke karibu na sufuria pilau ikifunuliwa.

Watoto, njooni mchukue sikukuu zenu. Vijana wa daku, kwetu msipite barazani tu mkapokea noti mkaenda. Ingieni ndani mkae. Tambi ziko tayari, na mama amewawekea sinia lenu peke yenu.