Kanga za vibonzo vyetu zinavutika kama mpira

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu mavazi ya wahusika katika vibonzo vya kompyuta vinavyotengenezwa hapa Dar es Salaam. Sura zinapendeza na sauti zimekaa sawa, lakini mwanamke aliyejifunga kanga akipiga hatua tatu tu, kanga inavutika kama mpira wa manati. Tazama jina la kanga: herufi zinarefuka kila goti linapopanda. Mama anayenunua doti zake Kariakoo ataliona hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Wengi husingizia kompyuta kuwa ndogo. Kwa wanaotumia Blender, programu ya kutengeneza vibonzo vya kompyuta, kosa la kwanza huwa ni uzito. Ndani ya kompyuta nguo ni wavu wa nukta zilizounganishwa kwa nyuzi, na ile kilo 0.3 inayokuja na programu ni ya kila nukta ya wavu, si ya nguo nzima. Kanga ya mita 1.5 kwa 1 ikigawanywa vijiraba vya sentimita 2 ina nukta karibu 3,900. Zidisha, uone: kanga imepita tani moja! Nyuzi zitaachaje kuvutika? Kila ukiongeza nukta ili upate mikunjo mizuri, shusha uzito. Kwa wavu huu anza na 0.05. Ukishusha, hewa nayo itaanza kuishinda nguo, ishuke polepole kana kwamba imo majini, kwa hiyo punguza ukinzani wa hewa kutoka 1 hadi 0.3 hivi.

Kisha pandisha ukakamavu wa kuvutika kutoka 15 hadi 40. Usiishie hapo. Nyuzi kakamavu zinadai hesabu nyingi zaidi katika kila fremu, yaani kila picha moja ya kibonzo. Ukiacha hatua za ubora, ndiyo idadi ya hesabu hizo, kwenye 5, kitambaa kitatetemeka. Weka 12. Na kabla ya yote hayo, hakikisha mhusika ana kimo cha mtu kwa mita, na skeli (kipimo cha kukuza au kupunguza umbo) ya mwili na ya nguo zote zinasoma 1. Mhusika wa mita 17 huvaa nguo inayoanguka kama pazia la ukumbi, hata ukibadilisha namba gani.

Ugumu wa kukunjika ndio unaotofautisha kanga na kanga. Iliyotoka dukani bado ina wanga: inasimama, mikunjo yake ni michache na mipana. Hiyo ipe 0.5 au zaidi kidogo. Iliyofuliwa mara nyingi inalala mwilini, nayo inataka 0.05 hadi 0.1. Mwandishi wa hadithi aulizwe kanga ni ya lini. Jibu lake ni namba.

Pale kiunoni kanga ilipochomekwa, usijaribu kuigiza fundo lenyewe, utapoteza wiki. Shikiza safu ya juu ya nukta kwa thamani ya 1, yaani isiachie mwili kabisa, kisha shusha thamani hiyo kidogo kidogo katika safu nne au tano hadi 0, ambapo nguo iko huru. Wanaokata ghafla kutoka 1 hadi 0 hupata mstari mkali kiunoni, kama mkanda uliofichwa ndani ya nguo.

Kanga ikielea juu ya ngozi, punguza umbali wa mgongano, yaani nafasi inayoachwa kati ya nguo na ngozi, kwenye nguo na kwenye mwili. Milimita 5 zinatosha. Mapaja yakisuguana na kukibana kitambaa katikati, hapo hakuna namba itakayookoa, maana kila upande unakisukuma kuelekea mwenzake. Tengeneza mwili wa pili usioonekana, wenye mapaja membamba, nguo igongane na huo. Umbali wa nguo kujigonga yenyewe nao uwe mdogo kuliko nusu ya kijiraba, la sivyo wavu utajisukuma wenyewe na kulipuka.

Mhusika aanze akiwa amesimama wima, mikono imetanuliwa, apewe fremu 40 za kuingia taratibu katika pozi la kwanza. Fremu hizo hazirendiwi, yaani hazitolewi kuwa picha za kibonzo. Hesabu zihifadhiwe kwenye diski, faili likiwa limeshasevuliwa, ili umeme ukikatika kwenye fremu ya 180, zile 179 ziwe bado zipo.

Watengeneza vibonzo,
Ilala, Dar es Salaam